Sabuni ya Nyumbani na Hesabu Yake

Leo nitanena juu ya jambo dogo lihusulo kila nyumba, yaani sabuni ya kufulia. Katika Kinondoni na Temeke watu wengi hufua kwa maji ya visima, na mengi ya maji hayo yana chumvi. Kipande cha sabuni huisha upesi, povu halipatikani, na kabla ya wiki kwisha mama wa nyumba hana budi kuomba tena fedha za sabuni.

Basi, sabuni ya mafuta ya nazi hutoa povu hata katika maji ya chumvi. Ndiyo maana mabaharia wa zamani waliitumia kwa maji ya bahari. Na nazi si mgeni katika pwani yetu.

Sabuni ni mafuta yaliyoungana na dawa kali iitwayo kostiki soda. Msiidhanie kuwa ni magadi ya kupikia maharage. Kilo 1 ya mafuta safi ya nazi hutaka gramu 175 za kostiki na gramu 400 za maji ya mvua. Mafuta ya mawese yana kipimo kingine, kadiri ya gramu 135 za kostiki kwa kilo. Sharti vyote vipimwe kwa mizani. Mimi, mwalimu wa hesabu, mara ya kwanza nilipima kwa kikombe. Sabuni ikawa kali, ikamchubua mke wangu mikono.

Vaeni glavu na miwani, mkae nje penye upepo. Tieni kostiki katika maji kidogo kidogo. Msimimine kamwe maji juu ya kostiki, maana huchemka na kuruka. Tumieni ndoo nzito ya plastiki, kwa kuwa sufuria ya alumini italiwa. Maji yakiisha kupoa, yatieni katika mafuta, mkoroge kwa mwiko mpaka yawe mazito kama uji. Mimineni katika sanduku la ubao lililotandikwa nailoni. Kesho yake kateni vipande, mviache penye hewa wiki 4.

Sasa nawaonya. Siku moja niliweka maji ya kostiki yaliyosalia katika chupa ya soda. Mwanangu mdogo akaiokota, akaanza kuifungua. Mama yake akamwahi. Tangu siku ile hayawekwi kwetu katika chombo cha kunywea. Yakimwagikia mwili, osheni kwa maji mengi yapitayo. Mtoto akiyanywa, msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja.

Mwisho ni hesabu. Andikeni bei ya mafuta, ya kostiki na ya nailoni, kisha mlinganishe na sabuni ya dukani yenye uzito ule ule. Anunuaye mafuta kwa vichupa vidogo atapata hasara. Lakini majirani watano wakichanga, wakanunua mafuta kwa dumu katika soko la Tandika au la Tandale, na mizani yao ikawa moja, huenda wakaona faida. Hesabu isipoonyesha faida, nunueni ya dukani bila haya: kuweka akiba si kujitaabisha bure.