Kuketi Kwanza na Kupiga Hesabu
(Dominika ya 23, Mwaka C)



Wapenzi wasikilizaji, katika Injili ya leo, Luka sura ya 14, Bwana wetu anatuletea habari za mtu atakaye kujenga mnara. Kabla ya kuchimba msingi, mtu huyo huketi na kuhesabu gharama, asije akaishia njiani na kuchekwa. Najua Yesu alikuwa akisema juu ya gharama ya kumfuata Yeye, wala si juu ya karo. Hata hivyo alichagua mfano ambao kila mwenye nyumba anauelewa; na majira haya, vijana wanapoomba nafasi vyuoni, zipo familia nyingi zinazoanza kujenga mnara pasipo mtu yeyote kuketi.

Baba ameuza ng'ombe wawili. Mama amekopa katika kikundi chake. Chuo kimechaguliwa kwa kuwa mtoto wa jirani alikwenda huko. Hakuna aliyeuliza kama kimesajiliwa. Vyuo vikuu huidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Vyuo vya kati na vya ufundi viko chini ya NACTVET. Tena iulizwe kama kozi yenyewe imeidhinishwa, maana chuo chaweza kuwa na usajili na kozi isiwe nao. Kuuliza ni bure. Kutouliza kumewagharimu wengine shamba.

Kisha ziko sifa za kujiunga. Kijana wa Kidato cha Nne atakaye kusomea uuguzi huhitaji kufaulu masomo manne, Kemia, Biolojia na Fizikia zikiwamo. Katika hesabu ya manne hayo somo la dini halimo. Nalisema hili mimi padre, ili asiwepo wa kudanganyika. Basi uchaguzi wa chuo huanza mapema, siku ile mwanafunzi anapoiacha Fizikia kwa kuwa rafiki zake wameiacha.

Nalo liko jambo linaloniumiza zaidi. Wapo wazazi wanaoona haya kutamka kwamba mtoto wao yuko VETA. Watu wa Nazareti walimwita Bwana wetu seremala. Mtume Paulo, msomi wa sheria, alishona mahema kule Korintho pamoja na Akila na Prisila, akala jasho lake. Binti mwenye mikono ya ushonaji analazimishwa kusomea uhasibu, ili baba apate la kusema kilabuni! Wala anayeanza chini hakufungiwa juu: mwenye stashahada ya wastani usiopungua 3.0 aweza kuomba shahada katika fani yake.

Makatekista wapendwa, nawaomba. Dominika ijayo, baada ya matangazo ya ndoa, waiteni waliomaliza Kidato cha Nne na cha Sita, pamoja na wazazi wao. Mwalimu mmoja wa parokia aketi nao, kalamu mkononi, waandike karo, pango, chakula na nauli, si kwa muhula mmoja bali kwa miaka yote ya kozi. Waulizie pia mkopo wa Bodi, ambao tangu mwaka wa masomo 2023/2024 umefika hata kwa baadhi ya kozi za stashahada. Na kabla ya hesabu hiyo, kijana mwenyewe aulizwe anataka nini, wazazi wakinyamaza mpaka amalize kusema.