Mwacheni Mpiga Kinanda Apige Peke Yake



Jumapili iliyopita, misa ilipokwisha, nilibaki kanisani kule Kadutu, hapa Bukavu, nikimngojea kijana anayeipigia kwaya yetu kinanda. Waumini walikuwa wametoka, vijana wa vipaza sauti wanakunja nyaya, naye akadhani hakuna anayemsikiliza. Akaanza kupiga kitu ambacho sijapata kumsikia akikipiga: polepole, nota tatu tatu zinazunguka mkono wa kulia, na chini mkono wa kushoto umeshikilia sauti nzito. Ilikuwa Beethoven, ile sonata ya mwaka 1801 ambayo watu waliipa jina la mbalamwezi. Ameifundishwa na simu. Ananunua mega kidogo, anaitazama video usiku, anashika kipande, kesho yake anarudi.

Mara akasimama. "Muzee, hapa kinanda kinanikatalia."

Nikasogea. Kinanda chetu, kama vingi vya makanisa ya hapa mjini, kina vibao 61. Piano kamili ina 88. Sasa kwenye sonata ile, kipimo cha pili tu, mkono wa kushoto unashuka mpaka nota ya si. Kibao cha mwisho cha kinanda chetu upande wa chini ni do. Ile si iko hatua moja tu nje ya ukingo, pale ambapo kidole kinakuta plastiki. Na baada ya hapo muziki unazidi kushuka! Kijana ameshaitafutia dawa: Beethoven ameandika si mbili, ya juu na ya chini, kwa hiyo anapiga ya juu peke yake na kuliacha sikio lijazie lenyewe.

Nikamuuliza kwa nini hajawahi kutupigia hiyo mbele ya watu. Akacheka. "Nani atasikiliza kinanda kisicho na wimbo?"

Swali hilo nimeondoka nalo, na leo nalileta kwenu. Kwetu kinanda ni mtumishi. Kinawapa waimbaji sauti ya kuanzia, kinamfuata mhubiri anapovuta pumzi, kinawasindikiza watu wakitoa sadaka. Kupewa dakika tano kiseme chenyewe, hapana. Ukikuta mtu anakipiga bila kuimba, unadhani anajaribu kama kimepona.

Na nchi hii imetoa mpiga piano mkubwa. Ray Lema alizaliwa mwaka 1946 Lufu-Toto, Kongo ya Chini, akapelekwa seminari ili awe padri. Humo seminarini ndimo alimokutana na piano, na kipande alichokipiga alipojitokeza mbele ya watu kwa mara ya kwanza ni hiyohiyo sonata ya mbalamwezi. Upadre haukuwezekana. Miaka ya 1970 akawa kiongozi wa muziki wa Ballet ya Taifa la Zaire, akazunguka nchi kutafuta wapigaji wa jadi. Mwaka 2004 akatoa Mizila, sahani ya piano peke yake. Tafuteni hiyo. Utasikia mtu aliyepita vijijini kwanza kabla ya kurudi kuketi kwenye piano.

Mwingine ni mtawa wa Ethiopia, Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. Alizaliwa Addis Ababa mwaka 1923, akasomea Uswisi akiwa mtoto. Waitalia walipoivamia nchi yao, yeye na jamaa zake walifanywa wafungwa na kupelekwa kisiwa cha Asinara. Baadaye akawa mtawa. Akatoa sahani yake ya kwanza Ujerumani mwaka 1967, na mapato akayapeleka kwa yatima. Alifariki Yerusalemu mwaka 2023, umri umebaki kidogo ufike miaka 100.

Nilipiga rekodi yake nyumbani jioni moja, dirisha wazi. Mama jirani, anayeuza sambaza, alikuwa uani anazianika. Akaniita: "Papa, huyo analia ama anaomba?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Usizime." Hajui Beethoven, hajaona piano, na katika miaka yote niliyozungumzia muziki sijasikia swali zuri kuliko lake.

Kwa hiyo msiniambie masikio yetu hayakuumbwa kwa mambo haya. Huku Bushi, nchi ya Bashi, tuna lulanga: kipande cha mti kilichochongwa kama mtumbwi mdogo, kamba inapitishwa juu yake huku na kule mpaka zinapatikana nyuzi kadhaa, na mzee anaipapasa kwa vidole akisimulia kwa sauti ya chini. Mwaka 1951 na 1952, mji huu ungali unaitwa Costermansville, Mmarekani Alan Merriam alikuja kuchunguza muziki wa Bashi na kuandika juu yake. Piano nayo ni nyuzi juu ya mbao. Hata pwani, zamani neno kinanda lilitaja ala ya nyuzi. Na György Ligeti, Mhungaria, alisikia rekodi za muziki wa Afrika ya Kati mwaka 1982, na midundo ile inayopandana ikaingia katika etidi zake za piano zilizotoka mwaka 1985. Wao walisikiliza vya kwetu. Sisi tunaona aibu gani?

Najua ugumu. Piano ya kweli ina nyuzi zaidi ya 200 zinazovuta kwa nguvu ya tani zipatazo 18. Unyevu wa ziwa unavimbisha mbao, na fundi wa kuitengeneza sauti hapatikani kila kona. Kinanda cha umeme kinataka moto, na moto wenyewe mnaujua: mto Ruzizi, wa mabwawa ya umeme, unatiririka hapo chini, nasi tuko gizani. Lakini kusikiliza hakudai piano. Kadi ya memori inatosha. Mjazie jirani vipande viwili, Lema na yule mtawa, bila maelezo marefu. Kama havimfai atavifuta.

Kwenu mapadri, wachungaji na viongozi wa kwaya: ibada ikiisha, mpeni mpiga kinanda dakika tano, vipaza sauti visizimwe. Padri wetu amekubali. Jumapili ijayo, baada ya misa ya pili, kijana atapiga sonata yake, bila ile si ya chini. Msitoke mbio.