Choki ya Motokaa ya Zamani

Wasikizaji wetu, jioni hii twataka kusema nanyi juu ya vyuma vidogo vilivyofichwa ubavuni mwa injini, ambavyo vikiharibika humfanya mwenye motokaa adhani kuwa injini nzima imekufa. Navyo ni vyuma vya choki.

Motokaa tuliyo nayo ni MGB, gari dogo la wazi la watu wawili, lililoundwa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hata 1980. Huku Bukoba na Muleba ni nadra kuliona, na watoto hutufuata mbio kila tupitapo. Lakini asiseme mtu kwamba habari hii haimhusu, kwa maana Morris Minor na Mini, ambazo wazee wengi wazikumbuka, zilitumia kabureta za ukoo huo huo, ziitwazo SU. Akina Skinner walioanzisha kabureta hizo walikuwa watu wa biashara ya viatu, na zile za kwanza zilikuwa na mfuko wa ngozi uliopanda na kushuka. Sisi watu wa Buhaya, ambao wazee wetu waliyeyusha chuma kwa mivukuto tangu kale, hatustaajabu kusikia hivyo.

Sasa, choki hufanya kazi gani? Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vyema, basi yataka petroli nyingi zaidi kwa hewa ile ile. Katika kabureta ya SU, petroli hupanda kwa kijibomba kiitwacho jeti, na ndani ya jeti huingia sindano iliyochongoka. Uvutapo kifundo cha choki, waya huvuta mkono wa chuma, nao hushusha jeti. Nafasi kati ya jeti na sindano hupanuka, na petroli hupita kwa wingi. Pamoja na hayo, kipande cha chuma chenye mgongo husukuma skrubu na kufungua mlango wa hewa kidogo, ili injini isizimike.

MGB yetu ina kabureta mbili, na hapo ndipo tulipopata taabu. Alfajiri moja ya mvua tulikuwa tukimpeleka mama yetu mzazi hospitalini, naye ana homa kali. Injini iliwaka vyema. Tulipopita Muhutwe na kuanza kupanda kuelekea Kamachumu, ilianza kukohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha ikanyamaza. Tulisukuma kifundo cha choki, kumbe kilikuwa kimekwisha kuingia. Tukazilaumu plagi, tulipozifungua zilikuwa nyeusi kama chungu cha jikoni. Tukazisugua, tukaenda hatua chache, tukasimama tena. Mwishowe mama alichukuliwa na lori la kahawa, ameketi mbele karibu na dereva, nasi tukabaki mvuani pamoja na aibu yetu. Alipona, tunashukuru.

Fundi mmoja mzee wa Bukoba alipokuja hakugusa plagi. Alipitisha kidole chini ya kabureta ya pili, akasema, "Wanangu, kifundo kimerudi, jeti haikurudi." Kosa lilikuwa letu. Wiki ile tulikuwa tumetia waya mpya, tukaukaza bila kuuachia nafasi, na tukafunga kifungo cha ufito unaounganisha kabureta mbili hali jeti moja ingali chini. Uwandani karibu na ziwa injini ilivumilia. Kule juu, ambako hewa ni nyepesi, petroli ilizidi hata ikashindwa.

Basi tengenezeni hivi. Zimeni injini, wala msilete taa ya chemli wala sigara karibu. Sukumeni kifundo hata mwisho, mlegeze waya na vifungo vya ufito. Inueni kila jeti kwa kidole hata igote juu. Kama yakwama, isafisheni na kuitia mafuta mepesi mahali inapoteleza, tena mtazame kispringi chake, maana kilichochoka hakina nguvu ya kurudisha. Jeti zote mbili zikiwa juu, kazeni vifungo. Kisha funga waya, lakini uachie uende bure kama milimita moja na nusu kabla haujaanza kuvuta. Nafasi hiyo ndogo ndiyo tuliyoidharau.

Skrubu ya mwendo wa choki nayo, kifundo kikiwa ndani kabisa, isiguse kile chuma chenye mgongo. Nafasi ndogo yatosha. Injini ikiisha kupata moto, vuteni kifundo pole pole hata jeti ziwe karibu kuanza kushuka, ndipo mgeuze skrubu za kabureta zote mbili kwa kipimo kimoja, injini izunguke kama mara 1,000 kwa dakika.

Asubuhi ya kesho yake, kabla ya safari, mtu mmoja avute na kusukuma kifundo, na mwingine ainame kutazama. Jeti mbili zishuke pamoja na kupanda pamoja. Na ikiwa moja yachelewa hata kidogo, msiondoke. Fungueni tena vile vifungo.