Njia ya Salalah na Mtoto wa Miezi Ishirini
(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa mabibi wa ukoo katika mkutano wetu wa Salalah)



Nimetakiwa niseme machache juu ya safari. Wengi wenu mmefika hapa kwa ndege, kutoka London, Dubai na Unguja, na nyumba yangu ndiyo iliyokuja kwa gari kutoka Maskati, nayo ina mtoto wa miezi ishirini. Nadhani Mwenyekiti alitaraji nitawachekesha. Vichekesho vimo, lakini limo na jambo jingine ambalo sikulikusudia kulisema mbele ya watu, nami nimemwomba ruhusa mkazamwana wangu kabla ya kusimama hapa.

Kutoka Maskati hadi Salalah ni kiasi cha kilomita 1,000. Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, mwanangu akiendesha, mkewe ameketi ubavuni mwake, mimi na mtoto nyuma. Hadi Nizwa hapana la kueleza: milima, mitende na mtoto aliyelala. Ukiiacha Adam, milima hukuaga, na mbele yako huwa ni tambarare ya changarawe isiyo mti wala kivuli, na barabara imenyooka kama uzi uliovutwa. Magharibi, mbali, ndiko kwenye michanga ya Rub' al-Khali. Hapo ndipo mtoto alipoamka, akajiona amefungwa mikanda kitini mwake, akaanza kulia.

Alilia kilio cha kuvunja moyo. Nikasema, "Mfungueni, nimpakate." Mkazamwana wangu akageuka, akaniambia kwa adabu, "Mama, niwie radhi, hatoki kitini gari likiwa linakwenda. Akizidi tutasimama." Nikamjibu, "Mwanangu, nimelea watoto watano kwa mikono hii." Akanyamaza, nami nikanyamaza, na mtoto akaendelea kutusemea sote wawili.

Nipeni nafasi niwaeleze kwa nini neno lile lilinichoma. Mimi niliondoka Unguja mwaka 1964 nikiwa na umri wa miaka mitatu. Safari ile siikumbuki. Siikumbuki bahari, sikumbuki chombo wala siku tuliyoshuka Dubai, na Oman tuliingia baadaye, baada ya 1970. Ninachokumbuka ni mapaja ya bibi yangu, harufu ya kanga yake, na mkono wake uliozunguka tumbo langu. Kwangu mimi, kusafiri na mtoto ni kumpakata. Nilipoambiwa nisimpakate mjukuu wangu, nilisikia kana kwamba naambiwa bibi yangu hakujua kulea.

Tulifika Haima, ambayo ni kama nusu ya njia, jua likikaribia utosini. Hapo tulipumzika mpaka alasiri, na hapo nimsifu mkazamwana wangu, maana yeye ni muuguzi na alikwisha panga kila kitu. Alitukataza kumwacha mtoto garini hata kwa dakika za kununua maji, hata vioo viteremshwe, kwa kuwa gari lililosimama juani hupanda joto kwa dakika chache tu, na mwili wa mtoto mdogo hushika joto upesi kuliko wetu mara tatu na zaidi. Chuma cha kufungia mikanda alikuwa akikigusa kwanza kwa kiganja chake, maana kikikaa juani huunguza. Maji alimpa kidogo kidogo, kila baada ya muda, bila ya kungoja aombe. Nepi alikuwa akizihesabu. Nikamuuliza hesabu hiyo ni ya nini. Akasema nepi ikikaa kavu kwa saa nyingi, midomo ikakauka, au mtoto akilia bila machozi, basi maji yamempungua mwilini na si wakati wa kuendelea na safari bali wa kutafuta daktari. Nililea watano na hayo ya nepi sikuyajua.

Hata hivyo, tulipokuwa tukijitayarisha kuondoka Haima, mtoto aliona kile kiti akajikunja na kupiga mayowe. Nikatumia cheo changu. Sikumwambia mkazamwana, nilimwambia mwanangu, tena mbele ya mkewe, "Mimi ni mama yako, nami nasema mtoto huyu nitampakata." Mwanangu akatazama chini. Mkewe akaniwekea mtoto mapajani bila ya neno. Nilishinda, ndugu zangu, na njia nzima kutoka Haima hadi Ghaftain, kiasi cha saa moja, nilikaa na ushindi wangu. Mtoto alilala kifuani kwangu. Mwanangu, ili kuivunja ile kimya, alikuwa akinionyesha upande wa mashariki na kunihadithia juu ya Jiddat al-Harasis: jinsi choroa weupe wa Arabuni walivyokwisha porini mwaka 1972 kwa kuwindwa, wakarudishwa mwaka 1982 kutoka kwa wale waliofugwa, jinsi hifadhi yao ilivyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994, ikatolewa mwaka 2007, ya kwanza kabisa kutolewa, baada ya eneo lake kupunguzwa sana. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Nilikuwa nikimtazama mkewe kwa nyuma, naye hakugeuka hata mara moja.

Ghaftain tulisimama kubadilisha nepi. Tulipokwisha, mkazamwana wangu alimchukua mtoto angali na usingizi, akamrudisha kitini, akamfunga. Hakuniomba ruhusa. Nilipanda gari nimevimba, nikajifunga ukanda wangu, nikachukua kikapu cha chakula, nikakipakata badala ya mtoto, makusudi, ili aone.

Tulikwisha ipita Qitbit, jua limezama na giza linaanza kushika, mwanangu alipokanyaga breki. Ngamia alikuwa katikati ya njia. Rangi yake na rangi ya ardhi saa ile ni moja, na tulipomwona alikuwa ameshakuwa mkubwa kama nyumba. Gari liliyumba, likasimama pembeni mwa njia. Ngamia akatutazama, akaenda zake.

Hatukugonga. Lakini kikapu hakikuwa tena mapajani mwangu. Nilikuwa nimekishika kwa mikono miwili, nami sikuhisi hata kilivyotoka. Kilipiga mgongo wa kiti cha mbele, visheti vikatawanyika, na chupa ya chai, ile ya kioo ndani, nilisikia ikivunjika. Kikapu chote hakikufika kilo nne. Mtoto ana kilo kumi na moja, naye alikuwa ameamka kitini mwake, mikanda imemkaza, ananitazama kwa mshangao.

Hakuna aliyesema kitu. Mkazamwana wangu alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kuokota vigae vya chupa kimoja kimoja ili visimkate mtoto. Nikamshika mkono. Sikuweza kusema niliyotaka kusema, nikasema tu, "Mwanangu." Akajibu, "Tumesalimika, Mama."

Baadaye alinieleza hesabu yake, nami nawaletea kama nilivyoipokea. Ile ilikuwa breki tu. Gari likigonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mwili huvutwa mbele kwa nguvu ya mara ishirini ya uzito wake au zaidi. Mtoto wa kilo kumi na moja huwa kama mzigo wa kilo mia mbili na ishirini. Hapana bibi mwenye mikono ya namna hiyo. Bibi yangu naye hakuwa nayo. Chombo chake kilikwenda mwendo mwingine.

Yaliyosalia ni mepesi. Baada ya Thumrait tuliteremka milima ya Dhofar taratibu, na ule ukungu wa msimu wa kharifu, ambao huku huja baina ya Juni na Septemba, ukatupokea. Joto likaanguka, manyunyu yakaanza kugonga kioo. Mtoto akanyosha kidole, akasema, "Maji!" Akaendelea kusema hivyo mpaka mlangoni kwa wenyeji wetu.

Sasa la mwisho, nalo ni tangazo. Siku ya Jumamosi gari tatu za ukoo zitarudi Maskati pamoja. Safari hii tutalala Haima, ili tusiwe njiani baada ya magharibi. Wazazi wenye watoto wadogo wasio na viti, wamwone mkazamwana wangu leo baada ya chakula, maana viko viwili vya kuazima. Jinsi ya kuvifunga nitawaonyesha mimi.