Kukabidhi Usukani



Katika sikukuu hii ya kumbukumbu tumepewa nafasi, sisi wazee tuliovuka miaka 70, tuseme neno juu ya jambo linalonong'onwa katika nyumba nyingi hapa Singida: ni lini mzee aache kuendesha gari?

Maandiko yetu hayako mbali na swali hili. Katha Upanishad imeufananisha mwili na gari la farasi: hisi ndizo farasi, nia ndiyo hatamu, na busara ndiyo mwendeshaji. Farasi wakichoka, busara ndiyo iamue, si mazoea wala fahari. Tena mapokeo yetu huyagawa maisha katika hatua 4, na ya tatu, vanaprastha, ni ya kuwakabidhi watoto shughuli za nyumba. Kukabidhi si kushindwa.

Dalili tunazijua. Usiku, malori yaendayo Mwanza na Rwanda yakitumulika katika mlima Sekenke, kwa nukta kadhaa hatuoni kitu. Shingo haigeuki vema, na bodaboda ipitayo kushoto twaisikia kabla ya kuiona. Dawa nyingine huleta usingizi. Hata hivyo, mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji. Basi hatua ya kwanza ni kupimwa macho, si kuuza gari.

Wapo kati yetu walioamua kuacha kwa ngazi: kwanza usiku, kisha safari za Dodoma na Arusha, mwishowe mitaa ya mjini. Njia hiyo tunaisifu, kwa kuwa uamuzi hubaki kwa mzee mwenyewe. Ni heri kuutoa ufunguo kwa hiari kuliko kunyang'anywa baada ya msiba, na msiba huo huenda ukamfika mtoto wa jirani atokaye shule.

Lakini vijana wetu, jueni tunachokiogopa. Hatuliliii gari. Tunaogopa kukaa ndani peke yetu katika usiku 9 wa Navaratri, huku ngoma zikisikika kwa mbali. Tunaogopa kumsihi mtu kila tunapokwenda kliniki. Wazee wengi hung'ang'ania usukani kwa sababu hakuna aliyewaambia, "Nitakupitia saa kumi na moja."

Kwa hiyo, kabla hamjatuomba ufunguo, tuleteeni ratiba. Hekalu liandike nani atampitia nani kwa ibada ya jioni, kwa soko na kwa hospitali. Madereva wa bajaji wa mtaani, ambao ni majirani zetu, wakubaliwe nauli ya mwezi. Na gari likiwa na nafasi, limchukue pia mzee wa jirani aendaye msikitini au kanisani.

Mzee mwenye hakika ya kupitiwa hatasubiri ajali imwambie aache.

Om Shanti.