Gari Lako Likiwa Gereji

Fundi akishatengeneza breki au gia, lazima aliendeshe gari kidogo alijaribu. Hilo ni sehemu ya kazi. Kulitoa mtaa wa Gerezani hadi Mbagala, jijini Dar es Salaam, kwa shughuli zake bila kukuuliza si majaribio, ni kutumia mali ya mtu bila ruhusa, na inaudhi. Akigonga huku hana leseni, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Faini za barabarani nazo husajiliwa kwa namba ya gari, kwa hiyo deni linakufuata wewe. Kabla ya kukabidhi ufunguo, piga picha ya dashibodi ionyeshe kilomita na mafuta, kisha mwandikiane nani ataliendesha na mwisho wapi.