Uchaguzi wa masomo ya sekondari: mfuko wetu unamsaidia mtoto au unamtisha?

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na mwalimu mstaafu wa sekondari mbele ya wajumbe wa kamati za parokia waliokutana Ifakara kujadili wanafunzi watakaosaidiwa mwaka ujao. Tumeichapa karibu kama alivyoisema.



Mwenyekiti ameniomba nieleze namna ya kuwashauri watoto wachague masomo ya mwaka ujao, yasiwe mepesi mno wala mazito kupita uwezo wao. Nitaeleza, lakini naomba nianze na fomu yetu wenyewe. Ukurasa wa pili kuna kipengele kinachosema kwamba mwanafunzi ambaye wastani wake utashuka chini ya C kwa mihula miwili mfululizo ataondolewa kwenye mfuko. Siku kipengele hicho kilipopitishwa nilikuwapo, na nilinyoosha mkono kukiunga mkono. Tulisema fedha za watu haziwezi kumwagwa kwa mtoto asiyejibidiisha. Leo nasimama kuomba kiangaliwe upya, kwa sababu nimeona kinachofanya.

Mtoto anayesaidiwa na mfuko si mjinga. Ada ya serikali ilifutwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini kodi ya geto, chakula, daftari, sare na nauli ya kutoka Mlimba au Malinyi havikufutwa. Mtoto anajua kwamba mfuko ukimwachia mkono, anarudi nyumbani. Anajua pia kwamba Fizikia na Kemia hushusha wastani. Sasa anapofika mahali pa kuchagua, atafanya nini? Ataacha yale yanayomtia hofu, atabaki na yale anayoweza kukariri, na wastani wake utakuwa mzuri. Sisi tutaandika katika taarifa kwamba mradi unaendelea vizuri.

Nitatoa mfano, na kosa ni langu, si la mtu mwingine. Miaka iliyopita nilikuwa mwalimu wa taaluma katika sekondari moja ya kata huku bondeni. Tulikuwa na binti mmoja, mtoto wa mvuvi, mwenye bidii kweli. Matokeo ya kidato cha pili yalipotoka alikuwa na B ya Baiolojia, C ya Kemia, na Fizikia alianguka. Akanijia ofisini: "Shikamoo mwalimu. Nataka niwe nesi, lakini Fizikia inanisumbua." Nikamjibu, "Mwanangu, iache hiyo. Nesi anahitaji Baiolojia." Nilisema hivyo bila kufungua kitabu chochote cha mwongozo. Ukweli ni kwamba nilikuwa pia nawaza matokeo ya shule, maana mwaka ule mkoa ulikuwa umetubana.

Akaacha. Kidato cha nne akapata daraja la pili, tukampigia makofi. Alipoanza kuomba vyuo vya uuguzi, kila mahali jibu lilikuwa moja: hana Fizikia. Sifa za kujiunga na stashahada ya uuguzi na ukunga, na hata ya utabibu, ni kufaulu masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Kufaulu maana yake ni D na kuendelea. D huanzia alama 30. Yaani binti yule hakuhitaji kuwa bingwa wa Fizikia. Alihitaji alama 30, na mimi ndiye niliyemwondoa chumbani.

Ilimchukua zaidi ya miaka miwili kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, akiuza samaki huku akitafuta shule yenye maabara itakayomkubali kwenye mazoezi ya vitendo. Alipata D. Akasoma, na sasa ni muuguzi katika zahanati ya kijiji. Kila nikimwona ananisalimu kwa heshima zote, na hiyo heshima inaniuma kidogo.

Ndugu wajumbe, tunaishi mahali pa ajabu kwa jambo hili. Hapa Ifakara mwaka 1956 Profesa Rudolf Geigy kutoka Basel alianzisha maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki, na leo ile maabara ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa kazi ya malaria na vyandarua. Tuna Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, tuna chuo cha uuguzi cha Edgar Maranta, na tuna chuo kikuu kishiriki cha afya kinachofundisha madaktari. Kituo cha utafiti wa mpunga tulichozoea kukiita KATRIN kipo palepale, siku hizi kikiwa chini ya TARI. Kidatu na Kihansi wanafua umeme, na Kilombero Sukari wana viwanda. Wanafunzi wetu wengi hupita mbele ya milango hiyo wakienda shule. Swali ni kama masomo waliyoyachagua yatawafikisha ndani, au watabaki kulinda geti. (Sidharau walinzi, kaka yangu alikuwa mlinzi miaka kumi na minane.)

Naomba lakini nisieleweke vibaya, kwa maana kuna kosa la upande wa pili, nalo wazazi tunalifanya sana. Mtoto amefaulu kidato cha nne, baba anasema PCB, udaktari, hakuna mjadala. Sasa hebu tuelewane. Kuingia kidato cha tano kunahitaji angalau C katika masomo matatu, na ukienda tahasusi fulani unapaswa uwe umeyafaulu masomo yake yenyewe. Ile D ya Fizikia niliyoisifu hapa inamfungulia mtoto chuo cha stashahada, lakini si maandalizi ya PCB. Na aliyepata C ya kubahatisha akapelekwa PCB kwa amri ya baba, miaka miwili anazama, anatoka na matokeo yasiyompeleka popote. Mtoto huyo huenda angeng'ara katika CBG, akaenda kilimo, wanyamapori au mazingira, mambo ambayo bonde hili lenye Milima ya Udzungwa juu na ardhi oevu chini linayahitaji kuliko mahali pengi. Lakini naye aambiwe mapema kwamba CBG haipeleki kwenye shahada ya udaktari, kwa kuwa huko wanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote za kidato cha sita. Nimekutana na vijana wa kidato cha sita ambao hawakulijua hilo mpaka siku ya kujaza maombi ya chuo kikuu.

Na wale wa sanaa wasidhani nimewasahau. HGL na HKL si jalala la walioshindwa. Mtoto anayependa kusoma na kuandika, mkampeleka sayansi kwa ajili ya sifa ya familia, mmempoteza mwalimu mzuri au mwanasheria. Mwenye Hisabati nzuri asiyependa maabara anaweza kwenda EGM, na hapo napo pana jasho la kutosha. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi mpya 49, hivyo mambo si kama ya zamani tulipozijua zote kwa kichwa kama majina ya timu za mpira. Mtaala mpya nao umebadili orodha ya masomo na kuleta mkondo wa amali. Kwa hiyo msinukuu ninyi wala mimi. Mwendeeni mwalimu wa taaluma wa shule husika, mwombeni orodha iliyopo, muulizeni uchaguzi unafanyika lini na nani anausaini.

Sasa, tutajuaje mzigo unaomfaa mtoto fulani? Mimi ningeacha kuangalia wastani. Wastani unaficha. Chukueni karatasi ya matokeo ya kidato cha pili msome somo moja moja, kisha muulize swali ambalo kamati zetu haziulizi kamwe: nani alimfundisha? Kuna D ya Fizikia ya mtoto aliyekuwa na mwalimu miaka miwili mfululizo, na kuna D ya mtoto ambaye shule yake ilikaa mwaka mzima bila mwalimu wa Fizikia, akajisomea kwa daftari la kaka yake. Kwenye fomu yetu zinaonekana sawa. Kwangu mimi huyo wa pili ni mwanasayansi. Mnakumbuka tulivyohimizwa kujenga maabara tatu kila sekondari ya kata, tukachanga matofali na mchanga, parokia nyingine zikatoa hata mabati. Kuta zilisimama, lakini nendeni mkaangalie ndani kama kuna vifaa na mtu wa kuvitumia, kabla ya kumhukumu mtoto.

Muulizeni pia miezi ya mpunga alikuwa wapi. Tunajuana. Mvua zikianza familia inahamia shambani, mtoto anakaa kwenye dungu kufukuza ndege, mto unajaa, na wiki zinapita. Kwa Historia anaweza kuazima daftari akajisomea. Hisabati haiendi hivyo. Aliyekosa mada ya mwezi wa pili haelewi ya mwezi wa nne, na ya mwezi wa sita kwake ni Kilatini. Hisabati ndilo somo ambalo kwa miaka mingi watahiniwa wengi wa kidato cha nne wameanguka, na huku bondeni tunaongeza na dungu juu yake. Mtoto namna hii hahitaji kupewa masomo mepesi. Anahitaji mahali pa kulala karibu na shule miezi hiyo, na mtu wa kumfidishia vipindi.

Halafu mwulizeni mtoto mwenyewe, bila baba kuwapo. Mpeni nafasi akueleze mada moja ya lile somo gumu kwa maneno yake, hata kwa lugha ya nyumbani. Anayeeleza nusu yake na akaona aibu kwa nusu nyingine, huyo mzigo wake ni sawasawa. Asiyeweza kueleza chochote baada ya kufundishwa vizuri, msimlazimishe. Na anayeeleza yote kwa ulaini huku akipiga miayo, huyo amechagua mepesi, mkamsukume.

Niwageukie wafadhili wetu, na naomba mnisamehe kama nitasema waziwazi. Katika taarifa za kila robo mwaka mnatuuliza wangapi wamefaulu na kwa asilimia ngapi. Ni swali la haki, fedha ni zenu. Lakini tunapojua kwamba asilimia ndiyo itakayotuletea mwaka mwingine wa msaada, nasi tunaanza kuwachagua watoto watakaotupendezesha, na kuwashauri masomo yatakayotupendezesha, kama nilivyofanya mimi ofisini kwangu. Tungeomba mtuulize pia: wangapi wamechukua somo gumu, wamelifikisha wapi, na miaka mitatu baadaye wako wapi. Jibu litachelewa, na pengine mwaka wa kwanza namba itashuka. Tungependa tujue leo kama mtavumilia namba hiyo ikishuka.

Mapendekezo yangu ni machache. Kwanza, kile kipengele cha wastani wa C kiondolewe, na mahali pake kamati isome maendeleo ya mtoto somo kwa somo pamoja na mwalimu wake. Aliyetoka alama 18 hadi 29 katika Fizikia amefanya kazi, hata kama bado ni F. Utoro na utovu wa nidhamu vibaki kuwa sababu za kuondolewa. Pili, tutenge fungu la kulipa walimu wa ziada wa Fizikia, Kemia na Hisabati wakati wa likizo ya mwezi wa sita, baada ya mavuno, kwa kuanzia katika vituo viwili, kimoja Ifakara mjini na kimoja Mlimba ambako watoto wanaweza kufika kwa treni ya TAZARA. Wanafunzi wa vyuo vya afya hapa mjini wengine wamekwisha kuniambia wako tayari kusaidia kwa posho ndogo. Tatu, kila parokia iteue mtu mmoja atakayefuatilia sifa za kujiunga na vyuo kila mwaka zinapotolewa, azibandike kwenye ubao wa matangazo ya kanisa, na awakumbushe waliomaliza kidato cha nne kwamba baada ya matokeo TAMISEMI hufungua muda wa kubadili tahasusi kwenye mtandao. Muda huo ni mfupi, na watoto wengi huwa wako shambani kusiko na simu.

Katibu ana orodha ya watoto 34 wa mwaka ujao. Nimeipitia jana usiku. Saba kati yao wameandika kwamba wanataka kazi za afya lakini hawakuchagua Fizikia. Shule zinafungwa mwezi wa kumi na mbili, hivyo bado tuna wiki kadhaa za kuwafikia, na majina nimeyawekea alama ya kalamu nyekundu. Kabla ya chakula cha mchana naomba kila parokia ichukue wa kwake.